Bia ya Chupa Nyeupe

Jumapili, 30 Julai

Miguu imevimba. Tangu misa ya pili mpaka jioni nimekaa kwenye kiti cha plastiki kule Ndosho, kwa watu wa binti, natabasamu tu. Mashavu yanauma kuliko miguu.

Bon. Wamekubali! Lionel wangu atamuoa Umugwaneza. Mahari itapelekwa siku ya posho, yaani Jumamosi, tarehe ishirini na sita ya mwezi wa nane. Sina mutoto mwingine, ni huyu mumoja tu Mungu aliniachia. Nilipaswa kurudi nyumbani Mabanga nikiimba. Nimerudi na kazi.

Baba wa binti ni muzee Havugimana. Mutu wa milima ya Masisi, mufugaji. Vita ilimutoa kule na ng'ombe wake wakabaki kwa wengine. Leo anapanga nyumba ya mbao na anatembea bado kama anafuata kundi. Hasemi sana. Musemaji wetu, Harelimana, rafiki wa marehemu bwana yangu, alianza kutaja makreti ya bia ya depo. Muzee akainua mukono. Hataki. Bia ya depo imepita mikono mingi, alisema. Mutoto wake mukubwa, Nshimiyimana, alikunywa kwenye karamu ya watu, chupa nyeusi, hakuna aliyeona ndani yake kulikuwa nini. Wakamuzika.

Hapa Goma kila nyumba ina mufu wake wa sumu, wa kweli ao wa kudhania tu. Hakuna anayebisha.

Sasa muzee anataka bia ya mukono mumoja anaoujua. Mukono wangu! Kumbe Umugwaneza alimusimulia kwamba mimi napika bia nyumbani, ile ya mutama na houblon, kazi niliyoachiwa na marehemu. Na anataka iwe ndani ya chupa nyeupe, za kioo kinachoonyesha mpaka chini. Na ifike kwake siku tatu kabla ya posho, isimame uani juu ya meza, kila anayepita aione, muchana na usiku, mpaka siku yenyewe. Hivyo hakuna mukono utaiingilia. Na mwenye kuileta anywe kwanza — lakini hiyo haisemwi hata, ni desturi, mutoto mudogo anaijua.

Harelimana akakubali bila kuniangalia. Wanaume! Bia atapika yeye?

Njiani Lionel ananiuliza, mama utaweza? Nikasema nitaweza. Nilitaka tu kufika kwenye kitanda.


Jumatano, 2 Agosti

Kituku, sokoni kando ya ziwa, tangu giza. Mwezi ni mukubwa angani, na mwezi ukiwa hivyo taa za wavuvi hazivuti kitu. Mitumbwi imerudi karibu mitupu. Wamama tuligombania sambaza kidogo, vile visamaki vya ziwa, kama kuku. Nimeuza nusu ya beseni na nimerudi.

Mutama nimeulowesha. Uko ndani ya gunia, chini ya kitanda, unaota. Nyumba yote inanuka shamba la mvua. Mgongo!


Jumatatu, 7 Agosti

Birere. Leo nimezunguka Birere yote kutafuta chupa nyeupe, Mungu ananiona.

Chupa za bia ziko tele, lakini zote ni nyeusi, hizi za kahawia. Za sukre njo ziko nyeupe, Fanta na ndugu zake, lakini depo hawakupi vidange, chupa tupu, namna hiyo — unaleta chupa tupu unapewa iliyojaa, ndiyo sheria yao, na mimi sina tupu ya kuleta. Wawili walinifukuza. Wa tatu, Bagalwa, mutu wa Bukavu mwenye tumbo na moyo, alicheka sana. Ati mama, bia ndani ya chupa ya sukre, unataka watoto walewe? Nikamueleza. Aliposikia neno sumu akaacha kucheka. Akanipa nyeupe alizokuwa nazo, na alipoona hazitoshi akaongeza chache za kijani za bia ya ng'ambo. Nitarudisha zote baada ya harusi.

Nikamuuliza kama hajui kwa nini bia inatiwa ndani ya chupa nyeusi tu. Akasema labda watu wasione uchafu. Jibu zuri. Na mimi nilifikiri vile.

Motari wa pikipiki wa kunirudisha aliendesha kama anafukuzwa, makreti mawili mapajani mwangu. Nimefika hai. Naenda kulala, sitaki kula.


Alhamisi, 10 Agosti

Nimepika. Sufuria kubwa ya kanisa, makaa ya gunia karibu lote. Mutama uliokauka na kusagwa, maji, moto mudogo, kuchuja na kitambaa, kuchemsha tena. Halafu houblon — yale maua makavu ya Ulaya yanayotia uchungu. Honoré, mudogo wa marehemu, yuko Liège, kila mwaka anatuma pakiti moja na mutu anayesafiri. Nilipofungua pakiti, bwana yangu akajaa nyumbani. Harufu yake ya siku ya posho, mikono yake. Nimelia kidogo ndani ya muvuke, jirani akafikiri ni moshi.

Levure, ile hamira, nimetia ikipoa. Bidon, madumu ya bia, ziko kona ya chumba, zimeanza kupumua. Zinasema blup. Mimi pia niko hai kwa namna hiyo tu.


Ijumaa, 18 Agosti

Tumefunga chupa, mimi na Lionel. Amefunga duka lake la simu mapema ili anisaidie. Yeye anamimina, mimi nakandamiza kapsule, vile vifuniko, na ile mashini ya baba yake. Alikuwa anaimba. Nimemuangalia: ana miaka hii yote na bado anatoa ulimi akifanya kazi ngumu.

Aliniambia jambo. Umugwaneza amesema, muzee akikataa siku ile mbele ya watu, hatakubali tena maisha yake yote, hata askofu aje. Ni mutu wa neno moja. Na yeye binti hawezi kumuasi baba aliyekwisha kupoteza mutoto. "Ni mara moja tu, mama." Nikamwambia basi, ni bia tu, nani amekataa bia yangu?

Nyeupe na kijani zimejaa. Bia ilibaki, nikaitia ndani ya chupa nyeusi kumi na kitu za nyumba. Zote chini ya kitanda na blanketi juu. Marehemu alifanya vile kila mara. Mimi nilidhani anaficha bia kwa sababu ya kiu ya Honoré, alipokuwa bado hapa.


Jumanne, 22 Agosti

Nimeonja moja. Eh! Eh! Imetulia, ina povu, uchungu mutamu. Nimejipongeza mwenyewe peke yangu jikoni.


Jumatano, 23 Agosti

Tumeipeleka Ndosho. Meza imewekwa katikati ya uwanja, juu ya mawe meusi, hakuna muti, hakuna kivuli. Kiangazi hiki jua halina huruma. Muzee mwenyewe amepanga chupa, nyeupe mbele, kijani nyuma, anainua moja moja anaangalia jua kupitia ndani. Zilikuwa nzuri, kweli. Rangi ya asali. Watu wa njia walisimama kuangalia. Dada yake, Nyiramahirwe, mama mwenye macho yasiyopepesa, akaweka kiti chake karibu na meza, akasema atalala hapo.

Muzee aliniangalia, na kwa mara ya kwanza alinipa mikono miwili. "Sasa tunaona wote," alisema. Nilifurahi, mimi mujinga.

Nyeupe moja haikuenea mezani. Nimeirudisha, nimeifunga ndani ya kitenge na kuitupa ndani ya kreti.

Kesho Kituku. Mwili unaniuliza kesho kwa nini.


Alhamisi, 24 Agosti

Sijui nianzie wapi.

Jioni Umugwaneza ameingia hapa bila hodi, anahema, ametoka Ndosho mpaka Mabanga kwa muguu ili mutu asimuone juu ya pikipiki. Chini ya kitenge chake, chupa nyeupe. Amevunja sheria ya baba yake, ameichukua mezani wakati shangazi yake yuko chooni.

Ati asubuhi mbuzi wa jirani aligonga meza. Chupa moja ikaanguka juu ya mawe, ikapasuka. Na harufu iliyotoka! Nyiramahirwe akaziba pua, akasema bia haiwezi kunuka hivi, ndani kuna kitu. Umugwaneza alimwaga maji na sabuni haraka, akamuomba anyamaze mpaka posho. Amenyamaza. Lakini amenyamaza na macho wazi.

Nikafungua ile aliyoleta. Yesu! Kama pneu ya gari iliyochomwa barabarani, na kitunguu kilichooza juu yake. Nilionja, ulimi ukakataa. Bia yangu! Juzi ilikuwa nzuri, leo ni kitu cha kumwaga kwenye mifereji. Nikakaa chini. Nilifikiri na mimi, tuseme ukweli: nilifikiri Nyiramahirwe amepiga kitu ndani. Kapsule imefungwa vizuri, hakuna tundu, na bado nilifikiri vile. Hivi ndivyo tumekuwa sisi watu wa hapa.

Umugwaneza njo akasema, mama, fungua na ile ya chini ya kitanda. Nikafungua nyeusi. Nzuri kabisa. Ni chungu kimoja, siku moja, mukono mumoja! Nikafungua ya kijani iliyobaki, ambayo nilikuwa nimeiacha dirishani jikoni tangu jana: inanuka, lakini kidogo, kama pneu iko mbali. Halafu nikakumbuka ile nyeupe ya ndani ya kreti, iliyofungwa na kitenge. Nikafungua, nikanusa, nikamupa Umugwaneza anuse. Nzuri.

Tukaangaliana. Siyo chupa, basi. Chupa nyeupe ya kwenye giza iko muzima. Siyo levure, siyo mukono wa mutu. Ni jua.

Nikamutumia Honoré sauti kwa simu. Akajibu na sauti ndefu, anacheka mwanzoni, anaacha kucheka mwishoni. Anasema kule kila mutu anayepika bia anajua: mwangaza unashambulia houblon, uchungu wake unageuka harufu. Chupa ya kahawia inazuia. Ya kijani inazuia kidogo sana. Nyeupe haizuii kitu, na jua letu hata nusu saa inatosha. Anasema haidhuru mutu, mutu anaweza kunywa ndoo yake, inanuka tu. Anasema kaka yake alijua, njo maana ya blanketi.

Kumbe blanketi haikuwa kwa sababu ya Honoré. Miaka yote ile bwana yangu hakunieleza, na mimi sikuuliza.

Umugwaneza analia. Nimemwambia kesho nitaenda kwa baba yake kusema ukweli. Ukweli ni mwepesi, nimemwambia, utaona. Lionel amemusindikiza. Nimechoka mpaka nywele.


Ijumaa, 25 Agosti

Ukweli siyo mwepesi.

Nimefika Ndosho na chupa moja nyeusi na glasi mbili ndani ya kikapu. Nimemupata muzee peke yake karibu na meza, Nyiramahirwe ameenda sokoni. Nikapiga magoti kidogo kama kwetu, nikasema yote. Mwangaza, houblon, Honoré, mbuzi. Alinisikiliza vizuri. Sikuwahi kuona mutu anasikiliza vile.

Nikaona kusema hakutoshi. Nikasema, muzee, angalia na pua yako. Nikafungua chupa mbele yake, nikajaza glasi mbili. Ananusa: nzuri. Akakubali kwa kichwa. Moja nikaiweka ndani ya nyumba kwenye giza, moja juani, kwenye meza, mbele ya miguu yake. Tukakaa. Tukaongea habari ya ng'ombe. Alinitajia majina yao, wote, mumoja mumoja, na rangi zao, na mimi nilisahau bia kwa muda. Kuna mutu ndani ya yule muzee.

Kisha nikamupa glasi ya juani anuse. Uso wake ukafunga. Nikaleta ya ndani: nzuri bado. "Umeona, muzee!" nilisema, na nilikuwa na furaha kama mwanafunzi aliyepata pointi zote. "Hakuna aliyegusa!"

Akaweka glasi zote mbili mezani. Halafu akasema — naandika kama alivyosema, maneno yamenikaa kichwani: "Mama Lionel, umenionyesha kwamba kitu kizuri kinaweza kugeuka kibaya mbele ya macho yangu, mimi nimekaa hapa, sikuona kitu, hakuna mukono. Hiyo njo imeua mutoto wangu."

Nikajaribu tena. Muzee, hii haiui, inanuka tu. Akasema hata ile ya Nshimiyimana watu walisema haikuwa na kitu.

Nikamuomba basi, bia mezani tuibadilishe, niko na nyeusi kumi na kitu, nzuri, nitanywa ya kwanza mwenyewe. Aka! Chupa nyeusi, iliyokaa wiki moja chini ya kitanda cha mutu, kwenye giza? Alisema bila hasira, na hilo njo baya zaidi. Nikaomba angalau tufunike meza na shuka mpaka kesho. Akasema chini ya shuka njo mukono unaingiaka.

"Kesho utakunywa zile za meza," alisema. "Tulizoziona wote."

Lionel anataka kwenda kugombana naye. Nimemukataza. Harelimana anasema labda harufu itapungua. Anasema hivyo yeye asiyepika. Nimeenda kuchoma sambaza iliyobaki, nimeunguza yote.


Jumamosi, 26 Agosti

Naandika nikiwa juu ya mukeka, uani kwa muzee Havugimana, watu wote wakiniangalia. Nyiramahirwe ameuliza naandika nini. Nimesema, hesabu ya chupa.

Asubuhi ilikuwa nzuri. Tuliingia tukiimba. Wasemaji walichezeana maneno, Harelimana alikuwa katika siku yake, aliwasifu ng'ombe mpaka watu wakasahau kwamba hakuna ng'ombe. Umugwaneza alitoka amevaa mushanana wa bluu. Lionel hakujua aweke wapi mikono yake. Nilisema moyoni, labda Mungu ataziba pua za watu leo.

Halafu bia. Nilisimama mwenyewe. Nilichukua chupa ya mbele kabisa, nikaizungusha waone kapsule, nikafungua. Harufu ilifika kwa safu ya kwanza kabla sijamimina. Nikajaza glasi, nikainywa yote, bila kukunja uso. Mwaka huu sijafanya kitu kigumu kuliko hicho, na mwaka huu nimefanya mengi.

Nyiramahirwe akasimama. "Si niliwaambia! Si niliwaambia! Bia gani hii inanuka hivi?" Nyuma kule mutu akasema, karuho. Sumu ya pole pole. Neno kama lile likitoka mudomoni mbele ya watu, haliwezi kurudi. Viti vikaanza kusogea. Vijana wawili wakaenda kusimama kwenye mulango wa fensi, na hawakuenda pale kuangalia njia. Watu wameshachomwa muji huu kwa neno hilo. Harelimana alikuwa anasema mwangaza, mwangaza, houblon, jua, na hakuna aliyemusikia.

Lionel akaja akasimama mbele yangu. Niliona mugongo wake tu, ndani ya koti jipya. Mpaka hapo sikuwa nimeogopa. Nilikuwa nimechoka mno hata kuogopa.

Nikamusogeza. Nikachukua chupa ya pili, nikafungua, nikainywa kutoka kwenye mudomo wa chupa, yote, mbele ya wale vijana wawili. Nikasema: niongezewe? Kuna zingine!

Njo muzee akasimama. Kelele zikakatika. Akaja mpaka kwangu, akachukua glasi, akaijaza mwenyewe, akanusa. Hakukunja uso na yeye. Akaniambia, si kwa sauti ya watu wote, kwa sauti ya watu wawili: "Aliyemupa mutoto wangu alikunywa pia. Walicheka pamoja. Nshimiyimana akarudi nyumbani, akasalimia mama yake, akalala. Kuona mutu anakunywa hakunisaidii kitu, mama Lionel. Nataka kuona mutu analala na anaamka."

Sikuelewa. Akarudia. Nilale. Hapa. Nikiamka, yeye anakunywa glasi ile, na Umugwaneza ni wetu. Akaita mukeka, akautandika kwenye kivuli cha ukuta kwa mikono yake. Akavua koti lake, akalikunja, akaliweka pa kichwa. Wazee wa pande zote mbili wakaangaliana, na mumoja baada ya mwingine wakakaa. Hakuna aliyecheka. Lionel alifungua mudomo, Umugwaneza akamushika mukono mbele ya watu wote, na hiyo pekee ingekuwa habari siku nyingine.

Basi niko hapa. Muzee amekaa kwenye kiti, karibu na miguu yangu, glasi iko chini kando yake. Sasa hivi jua limesogea, limefika kwenye glasi. Ameona. Amevua kofia yake, ameifunika. Muzee wangu, imeshaharibika hiyo, kofia haitaiponya. Lakini sikumwambia. Amebaki kichwa wazi.

Roho inapiga mbio. Bia mbili kwenye tumbo tupu, tangu alfajiri sijala, wiki nzima sikulala vizuri, na umri huu. Wamama kama mimi wanalala muchana na hawaamki, bila sumu, bila kitu, ni mwili tu umesema basi. Leo ikinitokea, nani atasema ni uchovu? Watachoma nyumba ya nani? Lionel wangu ataenda wapi? Mungu, nichukue kesho ukitaka. Kesho hata asubuhi mapema. Siyo leo.

Nyiramahirwe anasema, anaandika bado, halali. Muzee amemwambia anyamaze, mwenye kulala anaanza na kutulia. Wamezima redio ya jirani. Wamefukuza kuku. Umugwaneza ameleta shuka, amenifunika miguu, ameninong'oneza, lala mama.

Mwezi muzima nimeomba usingizi. Kituku niliuomba, Birere niliuomba, kando ya sufuria niliuomba nimesimama. Sasa umati wa watu umenyamaza ili nilale, na hauji.